Jiwe la Magaga

Halina uzito wa kuitwa jiwe.
Litie ndani ya beseni: litalala juu ya maji,
la kijivu, lina matundu, kama andazi
lililochacha likasahauliwa.
Mama aliliokota ufuoni Shela nikiwa tumboni.
Limetoka mlima gani, hakuuliza;
mlima uliotapika moto chini ya bahari za watu wengine,
povu lake likagandia njiani, likaja hadi kwetu.

Kwa jiwe hilo alilisha nyumba.
Langoni yote walimjua, Mwanatumu wa magaga:
Alhamisi na kapu lake, liwa, singo,
ndimu mbili, kipande cha bafta,
na bibi arusi ameketi juu ya kibao,
miguu ndani ya maji ya uvuguvugu,
anacheka kwa sababu nyayo zinatekenywa,
halafu hacheki tena.
Akinifundisha, mama husema kwa kile Kiamu chake:
"Sikaze mkono. Ngozi ya mtu si sufuria.
Jiwe hili lina ndaa, lilishe polepole."

Mimi nilikuwa wa kumwaga beseni.
Nongo za maarusi, maji meupe mfano wa tui la pili,
yakifuata mfereji, yakipita mlangoni kwa fundi Aboud,
yakimpita punda aliyelala, mpaka baharini.
Sikujua wakati ule kwamba ndani ya maji yale
mlikuwa na jiwe pia.
Kila kisigino kilichotoka laini
kiliondoka na chembe zake.
Lilikuwa kama mkate wa mofa;
limebaki la kujaa kiganja,
na ubavuni lina kishimo
pale kilipokaa kidole gumba cha mama
miaka arobaini.

Mama alikufa na magaga.
Niliyaona siku ile, juu ya kitanda cha kuoshea,
nyufa nyeusi, kavu, ungeweza kuzitia sarafu.
Kinyozi hajinyoi, nilijua,
ila sikujua kiasi kile.
Nikaenda kulileta jiwe.
Bi Somoe, mwoshaji, hakunikemea.
Aliushika mkono wangu, akaushusha.
"Liweke, mwanangu. Maiti haparuzwi.
Mmiminie maji tu."
Nikammiminia maji.

Mwezi uliopita amekuja kijana, Nadhir,
ana duka la sabuni na mafuta.
Wageni, anasema, siku hizi hawataki jiwe,
wanataka unga wake
ndani ya chupa yenye kifuniko cha mbao,
umechanganywa na mafuta ya nazi,
umeandikwa jina kwa herufi nyembamba.
Nimemtwangia. Siwezi kusema uongo, analipa.
Watoto huniokotea huko Kipungani, kidogo kidogo,
vipande kama meno ya mtu mzima.
Natwanga uani, nimejifunga leso puani,
nachekecha mara tatu mpaka upite kwenye bafta,
na unga wake mwepesi hunipanda nyusi;
mume wangu husema nimezeeka kabla ya adhuhuri.

Juzi mzigo ulipungua.
Nadhir akainua macho, akaliona ndani ya kidaka,
kando ya picha na saa isiyotembea.
"Na lile?"
Lile limeshasagwa, nikamwambia.
Hakuelewa. Alimaliza kahawa yake, akaenda.

Usiku nimechota maji, nimeyapasha kidogo.
Nimekaa juu ya kibao cha maarusi,
kanga nimeipandisha magotini,
na hii hapa miguu yangu mwenyewe,
sijui sijaitazama tangu lini.
Gumba langu limeingia kwenye kishimo cha mama,
likacheza; kishimo ni kikubwa.
Nimeanza na wa kushoto.
Sikazi mkono.
Maji yameshaanza kuwa meupe.